Kwa Nini Mtoto wa Nairobi Aendeshe Baiskeli Msituni Tu?

Ukipita Barabara ya Limuru Jumamosi asubuhi utaona baiskeli nyingi, ila huenda usione hata moja ikiendeshwa. Nyingine zimefungwa kwa kamba nyuma ya buti la gari. Nyingine zimelazwa juu ya paa. Mara moja moja utaiona ya mtoto imepakatwa na abiria wa bodaboda, gurudumu la mbele likining'inia karibu na bomba la moshi. Zote zinaelekea kwenye malango ya Msitu wa Karura. Chombo kilichoundwa kimbebe binadamu kimegeuzwa mzigo, kinapakiwa garini ili kifikishwe mahali ambapo kinaweza kuendeshwa.

Sina ugomvi na hao waendao. Nami ni mmoja wao, na sioni asubuhi njema zaidi katika jiji hili kuliko ile ya kupanda na kushuka vilima vya Karura juu ya magurudumu mawili. Lakini nimeitazama picha hiyo muda mrefu wa kutosha kutoa hukumu. Njia za msituni ni neema, na jiji lililofanya msitu kuwa mahali pekee pa mtoto kuendesha baiskeli limemkosea mtoto na kuukosea msitu pia. Mtoto amekosewa kwa sababu wengi wa rika lake hawatafika huko. Msitu umekosewa kwa sababu umebebeshwa kazi iliyokuwa ya vichochoro, ya viwanja na ya barabara zetu.

Udongo mwekundu na mizizi

Tuanze na neema yenyewe, maana asiyeionja hudhani ni anasa ya watu wa Gigiri na Muthaiga. Karura ina ukubwa wa takriban hekta 1,041, zote zikiwa ndani ya jiji, na imepitiwa na njia za zaidi ya kilomita 50. Baadhi ni za watembea kwa miguu pekee. Zile zinazoruhusiwa baiskeli si lami laini wala si magenge ya kuvunja shingo. Ni njia za wastani, za udongo mwekundu. Zinateremka taratibu hadi kijitoni, kisha zinakudai jasho upande wa pili. Kwenye njia panda pana vigingi vyenye namba, hivyo mgeni hapotei kirahisi.

Mtu aliyezoea kuendesha kwenye lami hugundua upesi kwamba hapa mwili mzima una kazi. Gia hubadilishwa kabla ya mlima kuanza. Ukingoja mpaka mguu uishiwe nguvu katikati ya mpando, cheni italia, itaruka, nawe utashuka usukume. Ukiwa unapanda, kaa kitini ili gurudumu la nyuma likamate ardhi. Ukiteremka penye mizizi ya muhugu au mukinduri, inuka juu ya pedali, legeza magoti na viwiko, acha baiskeli icheze chini yako. Breki hushikwa kabla ya kona, na kwa upole, kwa kuwa anayefinya ya mbele peke yake kwenye mteremko huruka juu ya usukani na kutangulia kufika chini. Macho nayo yatazame unakotaka kwenda. Ukikikodolea kisiki ukikiogopa, utakigonga hichohicho.

Kumbe haya yote mtoto wa miaka tisa hujifunza kwa kasi kuliko baba yake. Nimeona hilo mara nyingi. Baba anahesabu hatari, mtoto anahesabu mizizi iliyobaki.

Halafu kuna adabu ya njia, na hapa ndipo msitu unapotushinda sote. Mwenye baiskeli humpisha mwenye miguu. Anayeteremka humpisha anayepanda, kwa kuwa anayepanda akisimama, kuanza tena ni kazi. Ukimkuta bibi na mbwa wake, au kundi la watoto wa shule, unapunguza mwendo, unapiga kengele kidogo, unasema "samahani, napita" na unapita ukishukuru. Mwenye kasi ndiye anayebeba wajibu. Sasa linganisha na Jogoo Road saa kumi na mbili jioni, ambako lori hulifukuza basi, basi likaifukuza matatu, matatu ikaifukuza bodaboda, na bodaboda ikamfukuza mama anayetembea kando ya mtaro na mboga zake. Je, ni lini tulikubaliana kwamba mwenye chuma kingi ndiye mwenye haki nyingi?

Mtoto aliyefunzwa Karura kumpisha mpita njia amepata somo ambalo shule nyingi za udereva hazifundishi. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Ningefurahi kuona ni madereva wangapi wa leo waliowahi kukunjwa hivyo utotoni.

Wanaodhani baiskeli za vilimani ni za wageni wamkumbuke David Kinjah. Mwendeshaji huyu Mkenya alikusanya vijana kule Kikuyu, akawafunza kwenye vijia vya mashambani na miteremko ya vijijini. Katika kundi lake alikuwamo kijana mzaliwa wa Nairobi aitwaye Chris Froome, aliyekuja kushinda Tour de France mwaka 2013, kisha 2015, 2016 na 2017. Froome alikwenda kumalizia makuzi yake Afrika Kusini na akashinda akiwa na bendera ya Uingereza, lakini somo la kwanza la kushika usukani kwenye mawe na matope alilipata kwetu.

Ukiona vyaelea, vimeundwa

Vijana wanaopiga picha kando ya maporomoko ya maji ya Karura wengi wao hawakuwa wamezaliwa wakati msitu huu ulipokaribia kuwa mtaa wa maghorofa. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Kufikia miaka ya tisini, vipande vyake vilikuwa vimegawiwa kimyakimya kwa kampuni na watu binafsi. Mwaka 1998 Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement walianza kuingia humo na miche mikononi. Tarehe 8 Januari 1999 walikwenda kupanda mti wakakutana na wahuni wenye silaha, na yeye mwenyewe akapigwa hadi akamwagika damu kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana, jiji likafuka mabomu ya machozi, na mwezi Agosti mwaka huohuo Rais Daniel arap Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Hata baada ya kuokolewa, msitu haukuingilika. Wakazi wa Nairobi waliujua kama mahali pa kuibiwa, pa kuchoma makaa kwa siri na pa kutupwa maiti. Usalama tunaoufurahia leo ni matunda ya sheria ya misitu ya mwaka 2005, iliyoruhusu jamii kushirikiana na serikali, na ya watu walioitumia sheria hiyo. Chama cha Friends of Karura kiliungana na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Ua wa umeme ukajengwa na walinzi wakaajiriwa, wengi wao kutoka mitaa inayopakana na msitu, Huruma ikiwamo. Mikalitusi inaendelea kuondolewa kidogo kidogo ili miti ya asili irudi. Mbega weusi kwa weupe waliletwa kutoka Nyandarua, nao sasa wanaruka matawini juu ya vichwa vya waendesha baiskeli kana kwamba wao ndio wenyeji wa tangu zamani.

Ndiyo maana hunikera nikisikia mtu akiuita msitu huu "bustani ya matajiri". Haukupatikana kwa fedha za matajiri. Ulipatikana kwa mwanamke aliyepasuliwa kichwa na wanafunzi waliovuta moshi. Kama leo walio wengi langoni ni wenye magari, tuulize ni nani aliyewazuia wengine njiani.

Hesabu ya familia ya Kayole

Tuchukue familia ya watu watano kutoka Kayole. Baba ni fundi wa kuchomelea vyuma, mama anauza nguo za mitumba, watoto ni watatu. Kwa miaka mingi kiingilio cha Karura kwa raia mtu mzima kilikuwa shilingi 100, na mtoto alilipa chini ya hapo. Haikuwa bei mbaya, na walioipanga hivyo wastahili pongezi. Lakini kabla ya kufika langoni kuna matatu ya kwenda mjini, kisha nyingine ya kutoka mjini, na jioni vilevile kurudi. Baiskeli yao, kama wanayo, haipandi matatu bila kulipiwa kama gunia la viazi. Kwa hiyo watakodi huko msituni, na kukodi baiskeli moja kwa saa mbili hugharimu mara kadhaa ya kiingilio. Baiskeli ni moja na watoto ni watatu. Nani aanze? Nani alie? Ongeza maji na chapati, na utaelewa kwa nini safari hiyo hufanyika muhula mmoja, ikaahirishwa unaofuata, ikasahauliwa wa tatu.

Na baiskeli haijulikani kwa kuipanda mara moja kwa muhula. Hujulikana kwa kuipanda kila siku baada ya shule, kwa kuanguka mbele ya wenzako, kwa kupaka mate kwenye goti na kupanda tena. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mtaa. Sisi tuliokulia kwenye mitaa ya Eastlands tulijifunzia kwenye baiskeli za Black Mamba za baba zetu. Tulipitisha mguu mmoja chini ya mtaimbo kwa kuwa kiti kilikuwa juu mno, huku wakubwa wakitucheka kutoka vibarazani. Hapakuwa na kiingilio, wala mlinzi, wala helmeti (hilo la mwisho silisifu).

Vile viwanja vya mitaani viko wapi? Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 kuhusu ugawaji haramu wa ardhi ya umma ilieleza jinsi misitu, viwanja vya michezo, ardhi za shule na kingo za barabara zilivyogawiwa kama njugu. Karura imo humo. Hati zilizotaka kuumeza msitu na hati zilizomeza uwanja wa watoto wa mtaani zilitoka kwenye mfumo uleule. Tofauti ni kwamba msitu ulimpata Wangari, uwanja haukumpata mtu. Leo palipokuwa na magoli mawili ya mawe pana kanisa la mabati, au ghorofa la vyumba vya kulala, au maegesho ya kulipia. Mama mmoja wa Umoja aliniambia mwanawe huendesha baiskeli yake kwenye korido ya ghorofa ya nne, kutoka mlango wa ngazi hadi tangi la maji na kurudi, hadi jirani anapotoka na kugomba. Mtoto huyo anajua kukata kona kuliko yeyote. Hajawahi kuteremka mlima.

Kumtoa nje barabarani je? Kila mwaka barabara zetu huua zaidi ya watu 4,000, na watembeao kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi katika hesabu hiyo. Mzazi anayefungia baiskeli stoo si mwoga. Anajua kusoma magazeti.

Msitu nao huchoka

Upande wa pili wa lawama hii haujadiliwi sana, labda kwa kuwa miti haiandamani. Njia ya udongo si lami. Gurudumu lililofungwa breki ghafla huchimba mfereji mwembamba. Mvua ya masika huukuta mfereji huo na kuufanya mto. Mwaka unaofuata mizizi imeachwa wazi, waendeshaji wanaikwepa kwa kupita kando, njia ya futi tatu inakuwa ya futi tisa, na miche iliyokuwa ikiota pembeni imekwisha. Dimbwi nalo lina mtego wake. Kila mtu hulizunguka asichafue viatu, nalo kila wiki hupanuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye mteremko ukuta wenyewe hujengwa kwa mawe yaliyobebwa mgongoni.

Udongo unaoondoka hapo hauishii hapo. Vijito vya Karura huungana na maji ya Mto Nairobi, huo huingia Athi, Athi ukawa Galana na kisha Sabaki, na Sabaki humwaga tope lake baharini karibu na Malindi. Wenyeji wa Malindi wanaijua rangi ya bahari yao wakati wa mvua za bara. Sehemu kubwa ya tope hilo hutoka mashambani, si chini ya matairi ya baiskeli, na mgala muue na haki umpe. Lakini mtu anayesema kuteleza kwake kwa madaha kwenye kona hakumdhuru yeyote hajafuata maji yaendako.

Tiba inajulikana, nayo haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, acha njia ikauke. Dimbwi lipite katikati, viatu vitafuliwa. Usifunge breki hadi gurudumu liburuzike. Usijitengenezee kijia chako kichakani kwa sababu umeona video. Walinzi wakifunga njia fulani ipone, usibishane nao kwa Kiingereza cha kutisha. Walio tayari kujitolea wajiunge na wale wanaochimba mifereji ya kutolea maji pembeni na kupanda miti, kwa kuwa msitu hutunzwa zaidi kwa jembe kuliko kwa maneno.

Hofu yangu kubwa, hata hivyo, si matairi. Ni umati wenyewe. Kadiri jiji linavyokosa mahali pengine pa kupumua, ndivyo kila mtu anavyoubebesha msitu mmoja haja zake. Mkimbiaji anataka njia, mpiga picha za harusi anataka mandhari, mwenye watoto anataka bembea, mwenye gari lenye baiskeli nyuma anataka maegesho. Na maegesho hukatiwa wapi kama si penye miti? Tumeliona jambo hili Ngong Road, ambako msitu wa huko ulipasuliwa na barabara ya Southern Bypass kwa hoja kwamba magari nayo yana haja zake. Msitu hauliwi kwa siku moja. Huliwa kwa maombi ya busara, moja baada ya jingine.

Mzozo wa mwaka 2025 kati ya KFS na chama cha Friends of Karura kuhusu jinsi ya kulipa kiingilio, uliofika hadi mahakamani, sitauingilia. Wenye kesi wanazo hoja zao. Nitasema hili tu: fahali wawili wakipigana, nyasi zenyewe hapa zina jina, zina mbega na zina watoto wanaojifunza baiskeli.

Barabara tuliyoahidiwa

Wapo watakaosema suluhisho ni kufungua misitu zaidi. Nakubali kwa sehemu. Hell's Gate kule Naivasha, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1984, imewaruhusu wageni kuendesha baiskeli kando ya pundamilia na twiga kwa miaka mingi, na ni mahali pazuri mno. Lakini hata ukifungua misitu kumi, mtoto wa Kayole bado atahitaji nauli ya kufika huko. Mwendo wa baiskeli ungeanza mlangoni kwake.

Na tusijifanye hatukufikiria. Mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, ikaahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa ajili ya watembeao, waendesha baiskeli na usafiri wa umma. Barabara Kuu ya Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012, ilijengwa na njia za baiskeli. Nenda uzitazame leo. Bodaboda zimezigeuza njia za mkato, wachuuzi wamepanga viatu juu yake, na pengine njia huishia kwenye mtaro bila kuaga. Karani anayefanya kazi Gigiri na kuishi Githurai angeweza kuendesha baiskeli hadi kazini na kuokoa nauli ya mwezi mzima, fedha ambazo ni karo au unga. Badala yake analipa matatu siku tano, na siku ya sita, akibahatika, analipa tena ili aendeshe baiskeli mle msituni.

Mambo madogo yangebadilisha mengi. Wadi moja ikifunga barabara moja ya ndani kila Jumapili mchana, watoto mia wangepata mahali pa kuanguka na kuinuka bure. Shule zenye viwanja zingefungua malango yake wikendi. Uwanja ulionyakuliwa ungedaiwa, kesi kwa kesi, kama Karura ilivyodaiwa. Na msitu, ukishapunguziwa mzigo, ungeweza kutenga asubuhi maalumu za watoto wa shule za umma, wafike kwa basi na wakute baiskeli zikiwangoja, si kama sadaka bali kama wenye mali.

Kila mwaka kaunti huita vikao vya kukusanya maoni ya umma kuhusu bajeti, na kila mwaka viti vingi hubaki vitupu. Msomaji, kikao cha wadi yako kikitangazwa, nenda. Mchukue na jirani anayegombana na mtoto wa korido. Mkipewa nafasi ya kusema, ulizeni ile asilimia 20 iliyoahidiwa mwaka 2015 imejenga njia gani katika wadi yenu, na msikae chini mpaka mjibiwe.